Utafiti wa Wanawake si Pambo la Chuo Kikuu

Kila mwaka bajeti za vyuo vikuu vyetu zinapopangwa, kuna maombi ambayo hukutwa chini kabisa ya rundo. Maombi ya maabara ya uhandisi hupita, na hapana ubaya kwa hilo, maana nchi inahitaji wahandisi. Maombi ya kompyuta nayo hupita. Lakini maombi ya fedha za kuchunguza hali ya wanawake na mahusiano ya kijinsia husomwa kwa tabasamu, kisha hurejeshwa kwa mwombaji na ushauri kwamba ajaribu kwa wafadhili. Wako wanaosema hadharani, na wengi zaidi wanaosema kwenye chai ya saa nne, kwamba utafiti wa namna hiyo ni anasa ya wasomi, kwamba matokeo yake yanajulikana hata kabla haujaanza, na kwamba mambo ya wanawake yana wizara yake.

Sisi hatukubaliani na maoni hayo. Tunaamini kuwa yanatokana na kutojua utafiti huo umefanya nini katika nchi hii, na kwa sehemu yanatokana na kujua vizuri mno kwamba ukifanywa sawasawa utauliza maswali yasiyopendeza.

Elimu ya chuo kikuu ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961, ilianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Wanafunzi wa kwanza walikuwa wachache, wote wa sheria, na miongoni mwao alikuwamo Julie Manning, ambaye mwaka 1975 aliteuliwa kuwa Waziri wa Sheria. Mfano huu hutajwa sana na wale wanaotaka kuthibitisha kwamba mlango wa chuo ulikuwa wazi kwa wote tangu siku ya kwanza. Ulikuwa wazi, ni kweli. Swali la mtafiti ni jingine kabisa, nalo ni hili: kwa nini mlango uliokuwa wazi kwa wote uliingiwa na wanawake wachache kiasi kile, na ni nini kilichotokea njiani kati ya darasa la kwanza na lango la chuo?

Hapo ndipo panapofaa kulikumbuka Azimio la Musoma la Novemba 1974. Azimio lile lilikuwa na nia njema isiyo na shaka. Lilitaka kijana asitoke kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu kama mwana wa mfalme, bali kwanza afanye kazi pamoja na wananchi, kisha apate mapendekezo ya mwajiri wake na ya Chama, ndipo apewe nafasi. Hakuna neno hata moja katika masharti hayo lililomtaja mwanamke kwa ubaya. Yalikuwa masharti yale yale kwa wote. Hata hivyo, yalipoanza kutekelezwa, sehemu ya wanawake katika wanafunzi wapya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilishuka kwa ghafla, na baada ya miaka michache ikabidi wanawake waondolewe sharti hilo na kuruhusiwa kuingia moja kwa moja kutoka shuleni.

Tufikirie sababu zake. Kwa kijana wa kiume miaka ile ya kazi ilikuwa ni kuchelewa tu. Kwa msichana ndiyo iliyokuwa miaka ya kuposwa, kuolewa na kuzaa, na baada ya hapo ruhusa ya kwenda chuoni haikuwa yake peke yake. Tena barua ya mapendekezo ilitoka kwa mkubwa wa kazi, ambaye karibu kila mahali alikuwa mwanamume, na hapana haja ya kueleza kwa kirefu ni mitihani gani ambayo msichana mmoja mmoja angeweza kutungiwa nje ya karatasi kabla barua haijatiwa sahihi. Sera iliyoonekana kuwa sawa kwa wote ilipokelewa na watu ambao maisha yao hayakuwa sawa. Kosa la aina hiyo halionekani kwa kusoma sera. Huonekana kwa kuhesabu waliosajiliwa, kuwatenga wanaume na wanawake, na kuuliza waliokosekana wamekwenda wapi. Kazi hiyo ndiyo inayoitwa utafiti wa kijinsia. Anayeiita anasa na atuambie ni kwa njia gani nyingine serikali ingejua kwamba azimio lake linawafungia nje watu lisiokusudia kuwafungia.

Watumishi wa serikali wanaijua vizuri fomu yenye nafasi ya kuandika jina la "mkuu wa kaya". Imejazwa kwa mamilioni tangu enzi za vijiji vya ujamaa, na bado inajazwa. Neno hilo linaonekana kuwa la kawaida mno hata haliulizwi. Lakini shamba lilipogawiwa, liliandikwa kwa jina la mkuu wa kaya; mbolea ya mkopo ilipokuja, ilichukuliwa na mkuu wa kaya; bwana shamba alipofika kijijini kufundisha kilimo bora, alizungumza na mkuu wa kaya, hali aliyeshika jembe alikuwa jikoni akipika chakula cha mgeni. Uchumi uliohesabiwa kwa njia hiyo ulikuwa nusu ya uchumi.

Chukueni mfano wa Kilimanjaro. Katika kihamba kimoja husimama mibuni na migomba pamoja. Kwa desturi mbuni ulikuwa wa mwanamume na biashara ya ndizi ilikuwa ya mwanamke, lakini kuchuma kahawa na kuianika ilikuwa kazi ya mke na watoto. Malipo ya chama cha ushirika yalikwenda kwa mwanachama, na mwanachama alikuwa mwenye mibuni. Bei ya kahawa ilipoanguka na watu wakaiacha mibuni, wakubwa wengi walishangaa, wakalaumu uvivu. Mtu aliyekwisha kuchunguza ni nani anafanya kazi gani ndani ya kihamba na ni nani anapokea fedha asingeshangaa hata kidogo. Mke mwenye akili timamu hutilia nguvu ndizi, ambayo fedha yake ataiona kwa macho.

Na maji nayo yana hadithi yake. Mwaka 1971 nchi ilijiwekea shabaha kubwa: katika miaka 20, yaani ifikapo 1991, kila mwananchi wa kijijini apate maji safi kwa umbali usiozidi meta 400 kutoka nyumbani. Shabaha haikufikiwa, na sababu zake ni nyingi: fedha, mafuta ya dizeli, vipuri, mafundi. Lakini sababu moja ilichelewa sana kuandikwa katika taarifa za wahandisi. Kamati za maji zilijaa wanaume, hali wachotaji maji ni wanawake na watoto. Mjumbe wa kamati hakuwa na habari kwamba bomba limekatika, kwa kuwa maji ya kuoga aliyakuta yamekwisha kutengwa. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ilitamka wazi kwamba wanawake wawe washiriki katika kamati hizo. Tangu 1971 hadi 2002 ni zaidi ya miaka 30, na nchi masikini haiwezi kuyanunua mafunzo kwa bei hiyo.

Tuseme pia jinsi taaluma hii ilivyoota hapa kwetu, maana wako wanaodhani imeletwa na meli. Ni kweli kwamba kitabu cha Ester Boserup juu ya nafasi ya wanawake katika maendeleo ya uchumi, kilichotoka mwaka 1970, kilisomwa sana vyuoni ulimwenguni kote, na hapa pia kilisomwa. Lakini Dar es Salaam ya miaka ile ilikuwa na mjadala wake yenyewe kuhusu tabaka, ukoloni na unyonyaji, na wahadhiri wanawake waliuliza kwa haki kabisa kwamba ikiwa tunachunguza unyonyaji wa mkulima, mbona hatumchunguzi mkulima ambaye hata jina lake halimo katika kitabu cha ushirika? Mwaka 1979 ulifanyika mkutano wa watafiti Chuoni juu ya masomo ya wanawake na maendeleo, na baada ya hapo kikaundwa kikundi cha utafiti na kumbukumbu za wanawake kilichokusanya kila kilichoandikwa, tasnifu kwa tasnifu, taarifa kwa taarifa. Mwaka 1983 Ophelia Mascarenhas na Marjorie Mbilinyi walitoa bibliografia kubwa ya maandishi juu ya wanawake wa Tanzania. Mwaka 1991 Mbilinyi alitoa kitabu kuhusu mashamba makubwa na ajira ya wanawake, na mwaka 1992 Ruth Meena alihariri kitabu juu ya jinsia katika nchi za kusini mwa Afrika. Bibliografia ile ya 1983 ilichapishwa Uppsala, nchini Sweden. Tunaishukuru Sweden, lakini hatuoni fahari kwamba orodha ya maandishi juu ya mama zetu ilibidi ipigwe chapa huko ndipo irudi kwetu ikiwa na bei ya kigeni.

Liko jambo linalotugusa zaidi sisi wa gazeti hili. Historia ya kupigania uhuru imeandikwa mara nyingi, na Bibi Titi Mohamed hutajwa, kisha mwandishi huendelea na mambo mengine. Aliyekaa kitako akawahoji wanawake wa TANU mmoja mmoja, akauliza walikuwa nani, walifanya kazi gani, walijuanaje na waliwaingizaje wenzao katika chama, alikuwa ni Susan Geiger, mwanahistoria kutoka Marekani. Alianza mahojiano hayo mwaka 1984, na kitabu chake kikatoka mwaka 1997. Alionyesha kwamba wanawake wa mjini waliokuwa na vikundi vyao vya ngoma, wauza maandazi na wapika pombe, Waislamu wengi wao na wasio na elimu ya shule, ndio waliokuwa na mtandao uliofika kila mtaa, na kwamba TANU ilipita juu ya mtandao huo kuwafikia watu. Bibi Titi alifariki Novemba 2000. Wenzake wengi wamekwisha kufariki pia, na wengi wao hawakuhojiwa na mwanafunzi yeyote wa historia wa nchi hii. Pale Mlimani palikuwa na idara nzima ya historia, tena mashuhuri barani Afrika, na wanawake wenyewe walikuwa wakiishi umbali wa nauli ya basi moja. Anayesema taaluma hii ni ya kigeni anatakiwa ajibu kwanza kwa nini tulimwachia mgeni aifanye.

Katika sheria faida zake ni dhahiri zaidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikuwa ya kimaendeleo kwa wakati wake. Iliziweka ndoa za dini zote na za mila chini ya sheria moja, na ikaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja ndoa inapovunjika. Lakini kuchuma pamoja ni nini? Je, mwanamke aliyepika, kufua na kulea watoto kwa miaka mingi amechuma? Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika, wengine wakisema ndiyo na wengine wakisema hilo ni wajibu wa mke tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Mwanamke mwenyewe katika kesi hiyo hakupata kitu, kwa kuwa ilionekana fedha alizokuwa amepewa na mumewe alikwisha kuzitapanya, lakini kanuni iliyowekwa imewafaa wanawake wengi baada yake. Kisha mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu mjini Mwanza aliamua kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo ilipingana na Haki za Binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zikatamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi.

Lakini sheria ile ile ya 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na umri wa miaka 15, hali mvulana alitakiwa afikishe 18. Ilichukua hadi mwaka 2016 ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kuwa vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikauthibitisha uamuzi huo. Walimu hawakuhitaji kuambiwa na mahakama. Wao ndio waliokuwa wakiliita jina katika daftari la mahudhurio siku ya Jumatatu na kuambiwa na darasa zima kwamba mwenye jina ameolewa Jumamosi. Tatizo ni kwamba alichokijua mwalimu kilibaki katika daftari lake. Hakikukusanywa, hakikujumlishwa, wala hakikuwekwa mbele ya mtunga sheria kwa namna ambayo asingeweza kukikwepa.

Hali ndivyo ilivyo pia katika suala la wanafunzi wanaopata mimba. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa sababu ya kujifungua wataruhusiwa kurudi katika shule za kawaida. Tuliuunga mkono uamuzi huo, na tunauunga mkono leo. Lakini kuruhusiwa kurudi ni jambo moja, na kurudi ni jambo jingine, na kubaki hadi mtihani wa mwisho ni la tatu. Ni nani analea mtoto mama yake akiwa darasani? Wenzake wanamwitaje? Baba wa mtoto, ambaye pengine ni mtu mzima wa kijiji kile kile, ameulizwa nini na nani? Majibu ya maswali haya hayapatikani kwa mkutano wa siku mbili mjini Dodoma. Yanahitaji watafiti waliofundishwa, wanaoweza kuketi na msichana wa miaka 16 akawaamini, na wanaorudi kwake mwaka wa pili na wa tatu.

Chuo Kikuu chenyewe nacho hakiwezi kujiweka kando kama daktari asiyeugua. Mwaka 1990 mwanafunzi mmoja wa kike pale Mlimani alijiua baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa, na katika mkasa huo lilitajwa kundi la siri la wanafunzi lililojulikana kwa jina la Punch, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likibandika kutani michoro na maandishi ya kuwakashifu watu. Wengi waliliona kundi lile kuwa ni utani wa vijana. Wahadhiri wanawake na waandishi wa habari wanawake, ambao mwaka 1987 walikuwa wameanzisha chama chao cha TAMWA, walikataa kuliita utani. Leo tunayo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo kifungu chake cha 25 kinaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai. Kifungu kipo. Kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi, na ushahidi haupatikani mahali ambapo mlalamikaji anamwogopa msahihishaji wa mtihani wake. Chuo kinachowatuma watafiti wakachunguze unyanyasaji vijijini kinapaswa kuwaruhusu watafiti hao hao wachunguze na ofisi zake, na kuwalinda wakifanya hivyo.

Sasa tuseme juu ya fedha. Kwa miongo mingi utafiti huu umeishi kwa fedha za nje, hasa za nchi za Skandinavia, na baadaye za mashirika mengi mengine. Matokeo yake ni mawili. La kwanza ni kwamba mfadhili huchagua swali. Akitaka habari za mikopo midogo midogo, kila tasnifu huwa ya mikopo midogo midogo. Mwaka unaofuata akitaka mabadiliko ya tabianchi, mikopo husahauliwa na wakopaji huachwa na madeni yao. La pili lilionekana mwaka 2025, Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, na miradi mingi barani Afrika ikasimama, mingine ikiwa katikati ya kukusanya takwimu. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mtafiti anayetegemea cha mfadhili huachwa na madodoso yaliyojazwa nusu. Taifa lililojifunza neno kujitegemea mwaka 1967 halina udhuru wa kulifahamu katika mahindi na kulisahau katika elimu. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, inao wajibu wa kuendeleza utafiti. Tunapendekeza iwe na fungu la kudumu kwa ajili ya utafiti wa kijinsia, lisilosubiri hisani, na lenye kudumu kwa miaka mitano mitano ili mtu aweze kufuatilia jambo hadi mwisho wake.

Hatusemi haya ili kuwapaka mafuta watafiti wenyewe. Wanayo makosa yao, tena ya kuudhi. Wanaandika Kiingereza kizito kuhusu wanawake wasiokijua, kisha tasnifu hulazwa maktabani ambako msomaji wake wa mwisho ni mtahini. Wako waliogeuza taaluma kuwa safari ya kutoka semina moja hadi nyingine, na posho ikawa ndiyo matokeo ya utafiti. Wako pia waliosahau kwamba jinsia si jina jingine la mwanamke, na kwamba kijana wa kiume anayefundishwa na mitaa kuwa uanaume ni ngumi naye anastahili kuchunguzwa. Neno "mfumo dume" limeingia katika Kiswahili na kukubalika hata vijijini, jambo linaloonyesha kwamba wataalamu wakitaka wanaweza kusema na watu kwa lugha yao. Basi iwe sharti la kila fungu la fedha za umma kwamba kila utafiti utolewe muhtasari wa Kiswahili sanifu, usiozidi kurasa 20, na upelekwe kwa ofisa elimu, bwana maendeleo na mahakama ya mwanzo ya wilaya iliyochunguzwa.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na asilimia 51 kati yao walikuwa wanawake. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inastahili pongezi kwa kuzitenga takwimu zake kwa jinsia. Lakini takwimu za taifa hujengwa na karatasi za chini, na karatasi hizo wanazo wasomaji wetu: mwalimu mwenye daftari la mahudhurio, karani wa ardhi mwenye rejesta ya viwanja, mganga mfawidhi mwenye kitabu cha kliniki, hakimu mwenye majalada ya mirathi. Tunawaomba wazitunze karatasi hizo, wasiziache zikaliwa na mchwa wala kufungiwa vitumbua sokoni. Na mtafiti kutoka Chuo Kikuu atakapofika mlangoni na barua yake ya kibali mkononi, aonyeshwe kinachoruhusiwa kuonyeshwa siku ile ile, asiambiwe arudi kesho kwa sababu mwenye funguo yuko semina.